Kinyozi wa Barabara ya Shukrani

Nchi yenyewe inaitwa Shwari, na mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona, kwa sababu ramani yake ilipelekwa wizarani kunyooshwa mipaka na mpaka leo haijarudi. Lakini ipo. Ina wimbo wa taifa, ina uwanja wa ndege, na ina Wizara ya Uridhiko, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kila mwananchi ameridhika, na asiyeridhika anaelezwa mpaka aridhike.

Katika nchi hiyo palikuwa na mtaa ukiitwa Vigaeni, na Vigaeni palikuwa na kinyozi akiitwa Shomari, na kinyozi Shomari alikuwa na mke akiitwa Sikudhani. Hadithi hii ni ya Bi Sikudhani. Mumewe hayumo sana, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Shomari alinyolea barazani kwake. Kiti kimoja, kitambaa cheupe cha shingoni ambacho Bi Sikudhani alikifua kila jioni, na mashine ya mkono isiyojali umeme umekatika au haujakatika. Alikuwa na kawaida ya kumshika mteja kidevu kwa vidole viwili na kumgeuza taratibu, kama mtu anayechagua papai, na akimaliza humgonga utosini kwa kitana. "Haya, inuka. Umekuja babu, unaondoka bwana harusi."

Siku moja walikuja vijana wa serikali na ndoo ya rangi nyekundu, wakachora X kwenye kila ukuta. Vigaeni yote ilitakiwa ipishe Barabara ya Shukrani, barabara ambayo wananchi walikuwa wameshaishukuria hata kabla ya kujengwa. Waliojaribu kuifuta X walichorewa mbili.

Tingatinga likaingia asubuhi, mapema kuliko lilivyotangazwa, maana Mheshimiwa Rais alikuwa na hamu. Shomari alikuwa amefika katikati ya kichwa cha Mzee Tupa, muuza kahawa. Watu wakakimbia. Mzee Tupa naye akakimbia, upande mmoja kipara, upande wa pili msitu. Shomari akasimama njiani akamwita.

"Tupa, huwezi kutembea mjini hivyo. Watasema mimi ndiye niliyekufanya hivyo."

Akarudi ndani kuchukua mashine ili ammalizie. Ukuta ukaanguka naye yumo.

Bi Sikudhani alikuwa ng'ambo ya pili, godoro kichwani. Alipiga kelele, lakini tingatinga nalo lina kelele zake. Kifusi kikasukumwa, kikashindiliwa, kikamwagiwa lami, na jioni hiyohiyo bendi ya polisi ikapita juu yake ikipuliza tarumbeta. Redio ikasema hakuna aliyeumia. Ushahidi uliobaki ulikuwa kichwa cha Mzee Tupa. Polisi wakamkamata, wakamnyoa nusu iliyosalia, wakamwachia, na ushahidi ukaisha.

*

Bi Sikudhani alihamia kwa wifi yake, Bi Mgeni, dada wa Shomari, mwenye vyumba viwili nyuma ya soko la mkaa. Akavaa nguo za eda, akakaa ndani kama mjane anavyokaa: haendi harusini, hapaki wanja, hatoki ila kwa dharura. Watu walikuja kutoa pole. Kila aliyekuja aliuliza, kwa sauti ya chini, marehemu kazikwa wapi, na kila mara Bi Sikudhani alielekeza kidole dirishani, magari yanakopita.

Alitaka kitu kimoja tu. Mumewe atolewe chini ya magurudumu ya watu, aoshwe, avikwe sanda, asaliwe, alazwe ubavu wa kulia kama Waislamu wenzake. Nyumba hakuidai. Nyumba alishaisamehe.

Basi akaona hiyo ni dharura, akaenda ofisi ya Wizara, akasimama dirishani.

"Shida yako nini, mama?" afisa akauliza.

"Naomba ruhusa ya kuchimba barabara, kidogo tu. Mume wangu yuko chini."

"Chini anafanya nini?"

"Amekufa, baba. Siku ya bomoabomoa."

"Siku ile hakufa mtu. Ilitangazwa." Afisa alisema kwa upole, kama anayemweleza msafiri kwamba basi limeshaondoka. "Huenda mumeo hakusikiliza redio."

*

Sasa palikuwa na Mchina mmoja, jina lake Shen Guowei, na mtaani wakimwita Sheni. Alikuja Shwari na kampuni ya ujenzi akiwa mpiga picha wa kalenda: Januari daraja, Februari daraja lilelile kutoka upande wa pili. Kazi hiyo aliiacha, akapanga chumba Vigaeni. Kiswahili chake alikipata kwenye kiti cha Shomari, ndiyo maana hata akisalimia njiani aliinamisha kichwa kidogo, kama anayesubiri kukatwa kisogoni.

"Kwetu pia walichora ukutani," aliwahi kumwambia Shomari, wiki ile ya rangi nyekundu. "Neno moja, rangi nyeupe, limezungushiwa duara. Mama yangu aliliosha kwa sabuni. Halikutoka."

"Na nyumba?"

"Nyumba ilitoka."

Baada ya bomoabomoa Sheni alifanya mambo mawili. Kwanza aliwapiga picha watu wa Vigaeni juu ya barabara mpya, kila mmoja pale kilipokuwa chumba chake, akifanya alichokuwa akifanya humo. Mama Havijawa anakaanga maandazi, na mbele yake lori la saruji limesimama linasubiri yaive. Bibi harusi anapakwa hina katikati ya njia ya magari ya haraka. Mwalimu mstaafu amelala kitandani, chandarua kimefungwa kwenye nguzo ya taa. Picha zilikuwa kubwa kama shuka, akazianika kwenye kamba za nguo pembeni mwa mzunguko wa magari wa barabara hiyo.

Pili, alikwenda bondeni nyuma ya machinjio, malori yalikomwaga kifusi kilichozidi, akakichagua nyumba kwa nyumba. Akakitwanga, akakichanganya na chokaa na saruji, akakifinyanga juu ya nondo na waya wa kuku. Kila mtu alimtengeneza, sanamu nzima, kwa kifusi cha nyumba yake mwenyewe. Akawasimamisha mzungukoni, mguu kwa mguu na magari.

Bi Mgeni alipopata habari akasonya. "Sanamu za watu, wifi. Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu."

"Nyumba iko wapi, wifi?" Bi Sikudhani akamuuliza.

Akajitanda, akaenda kuangalia kwa mbali, na alipofika mbali ikamshinda, akasogea. Shomari alikuwa ameinama kidogo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilishika kidevu cha mtu ambaye hayupo. Begani, ndani ya saruji, palikuwa na kibanzi cha rangi ya kijani, ile rangi ya chumbani aliyoichagua yeye mwenyewe, na Shomari akasema ni rangi ya kaunta ya benki. Bi Sikudhani akakigusa. Kisha akarudi nyumbani.

*

Mji mzima ulingoja Sheni akamatwe. Badala yake alikuja Mheshimiwa Profesa Mhandisi Ngubi, Waziri wa Uridhiko, na msafara, na vipaza sauti, na miavuli kumi ya kumkinga jua moja.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akaanza, "wapo wanaonong'ona kwamba msanii huyu anatukosoa. Mimi si mtu wa kunong'onewa. Nimezunguka, nimetazama, nimewauliza hawa watu maswali. Hakuna aliyelalamika."

Makofi.

"Wanasimama juani, hawaombi maji. Wananyeshewa, hawadai mabati. Magari yanawapulizia moshi, hawakohoi. Ndugu zangu, hawa ndio wananchi tuliokuwa tukiwatafuta tangu uhuru."

Makofi tena, na mmoja wa wasaidizi akalia, maana ndiyo iliyokuwa zamu yake. Kisha yule afisa wa dirishani akamnong'oneza Mheshimiwa jambo, na Mheshimiwa, ambaye si mtu wa kunong'onewa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimeambiwa pia yuko mama mmoja anapita kwenye ofisi za watu akimzulia mumewe kifo. Mama huyo aambiwe mumewe ni huyu hapa. Amepatikana. Na zaidi ya kupatikana, yuko kazini."

Jioni yake Shomari akarudishwa kwa mkewe. Alikuja juu ya gari la matangazo, bendi mbele, televisheni nyuma. Wanaume sita walimbeba wakampitisha mlangoni kwa ubavu. Askari kanzu wawili wa kike wakamtaka Bi Sikudhani avue nguo za eda, kwa kuwa kumkalia eda mtu aliye hai ni uchochezi, wakamvisha gauni la maua. Akaambiwa amkaribishe mumewe chai. Akamimina. Chai ikafurika mpaka kwenye sahani, na televisheni ikasema ni furaha.

"Mbona hanywi?" mtangazaji akauliza.

"Anangoja ipoe," Bi Mgeni akajibu. "Kaka yangu tangu utoto haungui ulimi."

Mlangoni akawekwa askari, kijana mpole anayeitwa Koplo Chubwa, ahakikishe mume hapungukiwi na kitu. Koplo kila asubuhi alichungulia dirishani akasema, "Shikamoo, mzee," akasubiri kidogo, akaandika moyoni kwamba mzee ameitikia.

Wageni wa pole waliacha kuja. Wangempa pole ya nini mwanamke mwenye mume? Watu wakaanza kumpongeza, na waliompongeza hawakumtazama usoni. Bi Mgeni alilala kajifunika kanga gubigubi. Bi Sikudhani hakulala. Alilivaa gauni la maua mchana, na lilipotua jua alivaa nguo zake za eda ndani, mlango umefungwa, akaendelea na msiba kama mtu anayepika pombe ya magendo.

*

Sheni alikuja siku moja alasiri. Koplo alimruhusu kwa kuwa ni mteja wa mzee. Akaketi nje ya pazia la mlango, kwa heshima ya eda ambayo serikali ilikuwa imeifuta, na Bi Sikudhani akaketi ndani.

"Shemeji," Sheni akasema, "nimekuharibia. Nilitaka wakubali kwamba mtu huyu alikuwa anaishi hapa. Wakakubali kuliko nilivyotaka."

"Hukuharibu wewe."

"Nimefikiri. Walisema yuko hai. Sawa. Mtu aliye hai anaweza kufa. Nikimvunja mbele yao wote, siku ya watu wengi, watafanyaje? Watalazimika kumzika. Utampata, shemeji. Kile kifusi ni cha nyumba yenu, na yeye alikuwa ndani ya nyumba. Pengine humo..."

Bi Sikudhani akalisogelea pazia. "Na wewe watakufanya nini?"

"Watanirudisha kwetu. Basi."

"Kwenu kuna nani?"

"Kuna barabara," Sheni akasema.

Pazia likapeperushwa na upepo, likatulia. Bi Sikudhani hakusema ndiyo na hakusema hapana, na tangu siku hiyo alijihesabu kuwa alisema ndiyo.

Ikafika Siku ya Uridhiko. Shomari akabebwa mpaka uwanjani kuvishwa nishani ya Raia Mtulivu, daraja la kwanza. Mheshimiwa Ngubi akajaribu kumchoma pini kifuani, pini ikapinda. Akajaribu nyingine. Wakati ameketi akingoja ya tatu, Sheni akapanda jukwaani na nyundo ya fundi, akainamisha kichwa kama anayesalimia, akapiga.

Kichwa kilimwangukia Mheshimiwa mapajani. Kiwiliwili kikakifuata, na vumbi la kijani na jeupe likatanda juu ya viongozi wote, kuanzia viti vya mbele kwenda nyuma, kwa kufuata itifaki. Mheshimiwa akatazama kile kichwa mapajani, akatazama kamera za televisheni, akakumbuka yote aliyokwisha kuyasema.

"Ameua," akasema, kwa unyonge.

*

Kesi ilisikilizwa haraka, maana mahakama za Shwari huchelewa tu pale mshitaki anapokuwa mnyonge. Mezani palilala Shomari, vipande vipande, ndani ya shuka ya hospitali. Sheni alisimama kizimbani. Watu wa nchi yake walipoulizwa habari zake walijibu kwamba hawamfahamu. Huko nako alishawahi kupiga picha.

Wakili wa serikali akamaliza hotuba yake kwa kuomba adhabu. Aliomba kitanzi.

Bi Sikudhani, kwenye benchi la mashahidi, akamgeukia Bi Mgeni. "Aliniambia watamrudisha kwao."

"Kitanzi nacho kinarudisha, wifi," Bi Mgeni akasema, na machozi yakamtoka.

Bi Sikudhani akaitwa. Wakili alikuwa mtu wa adabu, akamsogelea karibu, akamsemesha kama mwanawe wa kumzaa.

"Mama, sitaki kukusumbua. Kaburi limeshachimbwa, pale makaburini Mtoni, upande wa kivuli. Sanda imenunuliwa, mpya. Sheikh yuko nje, ameshatawadha. Ukitoka hapa unampeleka mzee wako akapumzike, na eda yako unakaa kwa uwazi, hakuna wa kukugusa. Ni neno moja tu. Nani amemuua mumeo?"

Bi Sikudhani akamtazama Sheni. Sheni akamwashiria kwa macho: sema. Kisha akainamisha kichwa, kisogo wazi, shingo imenyooka, vilevile alivyozoea kukaa kwenye kiti cha barazani.

Bi Sikudhani akaitazama ile shuka mezani. Akaliona kaburi, kivuli chake, udongo wake mwekundu mbichi ukiwa umerundikwa pembeni, laini, usio na lami. Alikuwa ameungoja sana udongo ule. Juu, feni ilikuwa ikikwaruza dari.

"Tingatinga," akasema.

"Mama?"

"Tingatinga ndilo lililomuua mume wangu. Huyu kijana hakumuua mtu. Alivunja ukuta wangu, na ulikuwa umeshavunjwa."

Jaji akavua miwani. "Tingatinga si mtu, mama. Halishitakiki."

"Lilikuwa na mtu juu yake, Mheshimiwa. Na huyo mtu alikuwa na mtu juu yake. Na huyo naye..."

Mahakama nzima, bila kupenda, ikainua macho taratibu mpaka kwenye picha ya Mheshimiwa Rais iliyotundikwa ukutani, kisha kwa pamoja ikayahamishia kwenye feni.

"Inatosha," jaji akasema. "Swali limejibiwa kupita kiasi."

Akaenda faraghani. Aliporudi alisoma hukumu, na hukumu hiyo mpaka leo inafundishwa Shwari kama mfano wa busara. Kwamba siku ya bomoabomoa hakufa mtu, kwa kuwa ilitangazwa. Kwamba uwanjani nako hakufa mtu, kwa kuwa shahidi wa serikali mwenyewe amekana. Kwamba Wizara haikuwahi kusema sanamu ni Shomari. Ilisema tu wanafanana sana. Kwamba basi Shomari yu hai, mahali fulani, na amemtoroka mkewe bila sababu ya msingi. Mshitakiwa aachiwe. Kamera yake ibaki mahakamani, maana imeona mengi. Kaburi la Mtoni apewe mwingine mwenye uhitaji.

"Na kwa kuwa serikali hii inawajali akina mama," jaji akamalizia, akitabasamu kwa waandishi wa habari, "mahakama inatamka kwamba mke aliyetorokwa ana haki ya kumtafuta mumewe popote pale ndani ya mipaka ya nchi, asizuiwe na mtu, na polisi wamsaidie mpaka apatikane."

Waandishi wakapiga makofi. Bi Sikudhani hakupiga. Shuka ilikunjwa, ikabebwa kwenda kutupwa bondeni, naye akaifuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

Nje, Sheni alimngoja ukutani, mikono haijui ikae wapi bila kamera.

"Shemeji, ulikuwa umeshampata," akasema. "Kwa nini?"

"Shomari hamwachi mtu nusu," akajibu. "Nimzike kwa shingo yako, atanigeuzia uso huko aliko." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Una jembe?"

"Nina sururu."

*

Asubuhi magari yalisimama kwenye Barabara ya Shukrani kuanzia mzungukoni mpaka darajani, yakapiga honi. Katikati ya njia alisimama mwanamke wa makamo amevaa nguo za eda, ana jembe. Pembeni yake Mchina mwenye sururu, na nyuma yao Bi Mgeni na ndoo ya maji, akiwaambia madereva kwamba wasubiri, kuna mtu anatafutwa kwa amri ya mahakama, na mwenye haraka akakate rufaa.

Akatumwa Koplo Chubwa. Wakubwa walimpa maagizo mawili: awaondoe wale watu barabarani, na asiende kinyume cha hukumu. Kijana alikuja njia nzima akiyapindua maagizo hayo kichwani, na alipofika yalikuwa bado hayajapatana. Akapiga saluti.

"Mama, nimeagizwa nisaidie," akasema mwishowe. "Tunaanzia wapi?"

"Hapohapo ulipo. Umesimama chumbani kwangu, mwanangu, na viatu."

Koplo akatazama chini. Palikuwa na lami, na mstari mweupe, na doa la mafuta ya gari. Lori lililokuwa karibu likapiga honi ndefu. Kijana akachuchumaa, akafungua kamba za buti moja, akafungua za pili, akayavua, akayapanga vizuri pembeni, akarudi nyuma hatua moja nje ya chumba.

"Hodi," akasema.

"Karibu," Bi Sikudhani akaitika, akampa jembe.